Kuhusu Wimbo Uliokuliza

Zuhura binti yangu,

Mambo ya safari yako ya chuo mama yako amekwisha kukuambia, na mengine amekuambia mara tatu. Nguo za baridi za kuvaa kwenye basi, namba ya shangazi yako wa Mombasa, nani wa kumwamini stendi na nani wa kumkimbia. Humo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizungukazunguka miaka minne kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyotaka kuingia.

Nakuandikia nikiwa dukani, Alasiri imeshapita. Fundi wa duka la jirani nimemwambia kichwa kinaniuma ndiyo maana nimekaa ndani peke yangu. Kichwa hakiniumi. Unaona jinsi uongo unavyonitoka kirahisi, hata pasipo na haja? Ndiyo maana nimeona niandike. Nikisema kwa mdomo mbele yako nitaanza kupunguza.

Nataka kusema habari za ule wimbo.

Najua unaukumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umerudi kutoka shule na flashi uliyopewa na mwenzio darasani. Ukaichomeka kwenye redio ya sebuleni, mama yako akiwa jikoni, mimi nikisoma gazeti. Nilidhani ni zile ngoma zenu za kila siku, maana ulianza na mdundo mzito wa polepole, kama mtu anayepiga mguu sakafuni. Halafu kijana mwenye wimbo akaanza kuchana, kughani mistari juu ya ngoma. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele ningezima mara moja na mambo yangeishia hapo. Aliongea kama mtu anayetoa ushahidi. Alitaja siku ile ya vurugu mjini, moshi, magari ya askari, na baada ya hapo akawa anataja watu, hataji majina yao, anataja walichokuwa wameshika mikononi walipokamatwa. Mmoja mkate. Mmoja kiatu cha mtoto. Mmoja kitambaa cha gauni la harusi ambacho hakijashonwa. Mistari yote ilikuwa ya Kiganda, lakini kiitikio kilikuwa cha Kiswahili, maneno machache tu, yanarudi na kurudi: "Wewe uliyesikia, sema ulisikia nini."

Nilipoinua macho ulikuwa umekaa chini sakafuni. Vinyweleo vya mikono vimesimama. Midomo imekauka. Nikakuuliza una nini, ukasema, "Baba, nausikia hapa," ukajishika kooni. "Kama mtu ananikaba." Ulitapika chakula cha mchana, na usiku ule hukula.

Wewe ulikuwa hivyo tangu mdogo. Tarumbeta ya kambi ya jeshi ikilia asubuhi hapa Makindye, watoto wengine wanaicheza gwaride, wewe unaziba masikio na kulia. Ulikuwa unajua mama yako ana hasira kwa namna alivyoweka kikombe mezani. Mtu akiingia nyumbani na msiba ambao hajausema, wewe unamkalia karibu. Bibi yako alikuwa akisema huyu mtoto kazaliwa bila ngozi. Alisema kwa mapenzi. Mimi nilikuja kulirudia neno hilo bila mapenzi.

Maana nilicheka, Zuhura. Ulipokuwa pale sakafuni, mimi baba yako nilicheka. Nikasema, "Wimbo tu huo! Vijana wanatafuta umaarufu, wewe unatapika?" Na ulipoendelea kuusikiliza, siku ya pili, ya tatu, kila mara ukilia na kila mara ukiurudia, niliichomoa flashi nikaitupa chooni. Ukauimba kwa kichwa. Nikakukataza. Nikakusikia unaunong'ona unapofua. Ndipo nikaanza kuwaambia watu kwamba mwanangu ni mgonjwa.

Sasa nikwambie kwa nini.

Unamjua Mama Furaha. Lakini humjui kama ninavyopaswa kukueleza. Alipotoka Bukavu na watoto wake wawili na cherehani moja, aliniomba nafasi barazani pa duka langu. Mimi nauza uzi, vifungo, zipu na bitana, yeye anashona. Mteja akikosa kitu anageuka tu nyuma. Mpaka siku ya vurugu alikuwa amekaa pale miaka sita. Kila asubuhi ananiita "Baba Zuhura, umeamukaje?" kwa Kiswahili chao cha Kongo, na mimi namrekebisha, naye anacheka anasema, "Kiswahili chako ni ya msikiti, yangu ni ya kazi." Tulikuwa tunakula chungwa moja kwa kisu kimoja.

Siku ya vurugu, asubuhi, nilikwenda soko la Nakasero kununua vitunguu na nyanya za nyumbani. Hilo ni kweli, na utaona nilivyolitumia. Niliporudi dukani mji ulikuwa umeshaanza kuchemka. Vijana wamechoma matairi upande wa juu wa Owino, na watu wa sokoni wanakimbia na mizigo kichwani. Mama Furaha alikuwa ametoka kupeleka gauni kwa mteja. Cherehani yake ilikuwa barazani. Niliiingiza ndani. Hilo pia ni kweli: cherehani niliiokoa. Kisha nikashusha mlango wa chuma, nikapiga komeo, nikasimama gizani na mfuko wangu wa vitunguu mkononi.

Mabomu ya machozi yalianza kulia. Moshi ukaingia kwa chini. Nikasikia viatu, watu wengi, halafu wachache. Halafu mikono ikagonga mlango wangu.

"Baba Zuhura! Unifungulie! Ni mimi!"

Nilimjua kwa sauti ya kwanza. Nilikuwa nimesimama kutoka mlangoni kama hatua mbili. Komeo lilikuwa usawa wa kifua changu.

"Baba Zuhura, fungua, banakuja! Kwa jina ya Mungu, fungua!"

Nilishika pumzi. Nikajiambia nikifungua wataingia wote. Nikajiambia labda atakimbilia kwingine. Nikajiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na akili ndani yake, ndiyo maana yananitia aibu zaidi. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume, Kiswahili, kile cha askari: "Wewe mama, nafanya nini hapa? Lala chini!" Akajibu kwa Kiswahili vilevile, "Afande, mimi ni fundi, hapa ndiyo kazi yangu, uliza mwenye duka." Yule askari akagonga mlango kwa kitu kizito, mara mbili. "Iko mtu ndani?"

Niliulizwa, Zuhura. Niliulizwa waziwazi, kwa lugha niliyozaliwa nayo. Neno moja lingetosha. Ningesema, "Ndiyo, afande, namjua, ni fundi wangu."

Sikujibu. Yaliyofuata niliyasikia yote. Sitakuandikia sauti zake, nakujua.

Nikae kidogo hapa, maana usije ukafikiri natafuta pa kujificha nikikueleza nilivyokuwa. Sisi watu wa Kiswahili katika mji huu tulijifunza mapema kujifanya wadogo. Wakati wa vita nilikuwa kijana, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Ukikiongea vizuri, askari anakulegezea; jirani aliyekusikia anakuogopa. Vita vikaisha, serikali mpya ikaingia, na jirani zetu walikuwa bado wanatutazama kama watu tuliokuwa upande wa askari. Babu yako alituambia tusalimie, tufanye biashara, tusionekane. Nikalishika hilo likawa mwili wangu. Lakini babu yako alisema tusionekane. Hakusema nimwache mtu. Hilo la pili nililiongeza mwenyewe, na hakuna aliyenifundisha.

Nilifungua saa mbili baadaye. Barazani kulikuwa na ndala moja. Niliiingiza ndani nikaiweka nyuma ya maboksi ya zipu.

Mama Furaha alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amekonda, jino la mbele halipo, na ukimsemesha upande wa kushoto anageuza kichwa kizima. Nilimletea chai. Nikamwambia, "Pole sana, nilisikia yaliyokupata." Alinitazama kidogo. Akasema, "Asante, Baba Zuhura." Akaomba cherehani yake, akaketi, akaanza kushona. Hatukula chungwa tena.

Nyumbani niliwaambia kwamba siku nzima nilikuwa Nakasero, nimekwama huko. Vitunguu vilikuwepo, mama yako alivipika. Nani angebisha?

Miaka mitatu nikaishi hivyo, na niseme ukweli, niliishi vizuri. Mtu anaweza. Nilikula, nikalala, nikaswali. Kisha ukaja wewe na flashi yako, kijana nisiyemjua akaniuliza sebuleni kwangu nilisikia nini.

Wewe ulitapika. Mimi je? Jasho lilinitoka mgongoni mpaka shati likashika kwenye kiti. Nilicheka kwa sababu nisingecheka ningelia, na ningelia ungeuliza. Wimbo uleule, chumba kilekile. Wewe ulikuwa unawalilia watu usiowajua. Mimi nilikuwa nalilia ngozi yangu.

Halafu ikaja ile Idi. Unaikumbuka? Wageni wamekaa, pilau imeshaliwa, Mama Furaha amekuja na keki kama kila Idi ingawa yeye ni Mkristo. Baba mdogo wako Hamisi akakutania, "Huyu ndiye binti anayelizwa na redio?" Maana nilikuwa nimewasimulia, wakacheka. Watu wote wakacheka tena. Na wewe, badala ya kuinamisha kichwa, ukanigeukia. Sauti yako haikuwa ya ubishi. Uliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Baba, siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye kochi dogo, sahani mapajani, sikio lake zima limeelekea kwangu.

Nikasema, "Si nilishawaambia? Nilikuwa Nakasero."

Hukuondoa macho. Ukamtazama yeye. Sijui ulikuwa umeona nini, wewe uliyezaliwa bila ngozi. Naye Mama Furaha akaweka sahani chini, akasema taratibu, "Ndiyo. Baba yako alikuwa Nakasero. Duka ilikuwa imefungwa."

Zuhura, katika maisha yangu nimeona mambo. Sijaona kitu kama kile. Yule mwanamke, mbele ya watu waliokuwa wamekula pilau yangu, alinifunika kwa nguo yake. Na mimi nikaipokea. Nikasema, "Umesikia?" Nikasema tena, kwa sauti ya juu ili wageni wasikie, "Huyu mtoto hayuko sawa. Wimbo umemharibu kichwa."

Juma lililofuata nikakupeleka kwa Maalim ukasomewe. Ukanywa kombe, yale maji yaliyooshea aya za Kurani, siku saba. Hukukataa hata mara moja. Siku ya mwisho ulipomaliza kikombe ulisema, "Sasa nitakuwa sawa, Baba?" Nikasema, "Inshallah." Maalim mwenyewe, Mungu amrehemu, alinivuta pembeni akaniambia, "Mtoto huyu sioni ugonjwa. Anasikia tu." Sikukuambia neno hilo. Nakuambia leo, nimechelewa miaka minne.

Ulipona kama nilivyotaka. Uliacha muziki wote, hata kaswida ulizokuwa unaongoza madrasa. Ukawa unatoka chumbani redio ikiwashwa. Mama yako alidhani umekua. Mwezi uliopita nilikusikia ukizungumza na rafiki yako kwenye simu kuhusu chuo, ukasema, "Mimi sitaki kozi ya kuhudumia watu, moyo wangu una kasoro, nisije nikawa mzigo." Ulisema hivyohivyo, bila uchungu, kama mtu anayetaja kimo chake. Nilikuwa ukumbini navaa viatu. Nikakaa chini na kiatu kimoja.

Kasoro hiyo niliitengeneza mimi, kwa ajili ya kuziba tundu langu. Nilikuchukua wewe nikaliziba nawe.

Siku ya pili yake niliuomba wimbo ule kwa kijana anayeuza flashi pale chini. Nikausikiliza hapahapa dukani, mchana, mlango wazi, watu wanapita. Ilinibidi niuzime mara mbili. Ulipofika kwenye kitambaa cha gauni la harusi nilishika meza. Sijui kama kijana yule aliwahi kumjua Mama Furaha. Yeye alikuwa amekwisha kupeleka gauni, alikuwa mikono mitupu. Huenda ni mwanamke mwingine kabisa, mwenye mlango wake mwingine na mtu wake mwingine ndani. Wazo hilo ndilo lililonimaliza. Mdundo ule mzito ambao wewe ulisema unakukaba, mimi niliusikia kama viganja kwenye chuma. Ulipokwisha nilikuwa nalia mbele ya mteja aliyekuja kununua vifungo. Akanipa pole, "Bambi, ssebo, umefiwa?"

Nilimngoja Mama Furaha amalize nguo aliyokuwa anashona. Nikatoka barazani nikaketi kwenye kigoda cha wateja, upande wake wa kulia.

Nikasema, "Mama Furaha, siku ile nilikuwa ndani."

Hakusimamisha cherehani. "Nilikuwa najua."

"Ulijuaje?"

"Niliona viatu yako chini ya mulango. Ile nyeusi."

"Miaka saba umejua?"

"Nilijua tangu nimelala pale chini, Baba Zuhura. Nilikuwa naangalia viatu tu. Nilikuwa nasema, sasa itatembea. Sasa itatembea."

Nikamuuliza kwa nini, basi, siku ya Idi, alinitetea. Hapo ndipo aliinua mguu, cherehani ikanyamaza.

"Sikukutetea. Niliangalia mutoto. Alikuwa anakuangalia na macho ingine. Nikasema, huyu akipoteza baba yake leo, mbele ya watu, atapata wapi mwingine? Nikakupa nafasi umuambie wewe mwenyewe, nyumbani, polepole." Akavuta uzi akaukata kwa meno. "Nikangoja. Kumbe ulimupeleka kunywa dawa."

Nikaomba msamaha. Alipachika uzi mpya kwenye sindano, watu wakipita na mizigo yao. Akasema, "Mimi sikio yangu haitarudi. Msamaha nitaona na Mungu wangu, usinisukume. Lakini ule mutoto, ulimuambia ni mugonjwa. Enda umutoe huko."

Basi ndiyo kazi ninayoifanya hapa, binti yangu. Nakutoa huko, ikiwa bado inawezekana.

Hukuwa mgonjwa. Kilichokushika kooni hakikuwa udhaifu. Wewe ulisikia kilichokuwa ndani ya wimbo, na ulisikia hata kilichokuwa ndani ya nyumba, ambacho hakuna mwingine aliyekisikia ila mimi na Mama Furaha. Wengine wote pale sebuleni walikuwa wanasikia ngoma. Sina haki ya kukupa mawaidha na wala sitajaribu. Sijui kama ni afadhali mtu azaliwe na moyo kama wako, naona unavyokuchosha. Huko uendako wataimba nyimbo nyingine, na baadhi zitakulaza chini kama ule. Zima ukichoka. Lakini usizime kwa sababu niliwahi kucheka.

Mama yako nimemwambia jana. Hajanisemesha tangu hapo, isipokuwa kunitajia saa ya basi. Baba mdogo wako Hamisi na wote waliokuwa kwenye ile Idi nitawaambia mwenyewe Ijumaa hii, baada ya swala, nyumbani kwetu. Sitaki wabaki na picha ya binti aliyeharibiwa na redio.

Barua hii nitaiweka mkononi mwako tukimaliza kula, uisome chumbani. Usijisikie unalazimika kutoka na kunijibu. Kesho alfajiri nitakuwa nimevaa, nimekaa sebuleni karibu na sanduku lako. Ukitaka niwasindikize stendi, niambie tu, "Baba, twende," nami nitalibeba. Ukitaka uende na mama yako peke yenu, libebe mwenyewe upite. Sitauliza kwa nini. Nitajua umesoma mpaka hapa.

Baba yako.